Meza ya Mgongoni mwa Sofa

Chanzo cha yote ni kwamba sofa letu halikai ukutani. Nyumba nyingi za Dar es Salaam sofa huegemezwa ukuta moja kwa moja, likatandikwa vitambaa vya kufuma, hadithi ikaishia hapo. La kwetu lilikuja kubwa kuliko sebule yenyewe. Nyuma yake kuna dirisha lenye pazia la kushuka hadi sakafuni, na chini ya dirisha kuna soketi pekee inayofanya kazi upande ule. Ikabidi tulivute mbele, kukabaki uchochoro wa kama sentimita 40, mwembamba mno kwa mtu kupita, mpana wa kutosha kwa kila kitu kingine. Rimoti ilizama humo. Zilizama kalamu, soksi, chaja, risiti za luku, na safari moja kifaranga cha jirani, ambacho tulikisikia usiku kucha bila kujua kinalilia wapi.

Mimi nilishazoea. Nina ufagio wenye mpini mrefu kwa kazi hiyo tu. Aliyeona kwamba uchochoro ule unahitaji meza ni baba watoto, ambaye ni mhasibu, na mhasibu akiona nafasi tupu haponi mpaka aijaze.

Hakuibuni. Aliiona kwenye video za simu, ndefu, nyembamba, imejibana kati ya sofa na ukuta, juu yake taa na ua. Wauza samani huiita konsoli. Asili yake ni Ufaransa, kwenye majumba ya wakubwa wa karne ya 17 na ya 18, na wakati huo ilikuwa meza ya kuegemezwa ukutani, mara nyingi yenye miguu ya mbele tu, nyuma ikishikiliwa na ukuta. Kuipeleka mgongoni mwa sofa ni mambo ya baadaye. Wazee wa Lamu hilo jambo walikwisha kulimaliza ndani ya ukuta wenyewe: walijenga zidaka, safu juu ya safu, wakapanga kaure zao humo, wala hakuna aliyehitaji kukata mguu wa meza. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kuwa ukuta wetu ni wa tofali za saruji za inchi tano na una waya za umeme ndani.

Kwanza tulifanya kama watu wote: tukampa fundi. Alikuja, akapima, akachora kwenye kiganja, akachukua malipo ya awali, akasema, "Ijumaa, bosi." Ijumaa ilipofika mbao zilikuwa kwenye mashine ya randa. Iliyofuata umeme ulikuwa umekatika. Kisha akafiwa, tukampa pole, na huenda ni kweli alifiwa. Mwishowe simu yake ikawa inaita tu. Sisemi mafundi wote ndivyo walivyo. Keko kuna watu wanaotoa kabati ambalo mlango wake unafunga kwa kidole kimoja. Ila huyu wetu ndiye aliyemfanya mhasibu aombe likizo yake ya mwaka, akarudi nyumbani na msumeno uliofungwa kwenye gazeti.

"Mama," akaniambia, "fundi ni mtu kama mimi."

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele kinachotazama barabara, hapa Tabata, ndicho ofisi yangu. Sikujibu kitu. Nilikuwa na vitenge vya sare ya harusi mezani, na bibi harusi alikuwa na shangazi wengi.

Mbao akazifuata Buguruni. Nilimsindikiza kwa sababu nilikuwa na zipu za kununua, vinginevyo nisingeona niliyoyaona. Mninga aliupapasa tu akauacha, maana bei yake ilitosha ada ya shule. Mkongo hakuugusa. Akatua kwenye msonobari, mbao za moja kwa sita na mbili kwa mbili, futi 12 kila moja. Masika yalikuwa yamekatika karibuni na mbao zilikuwa zimerundikwa nje chini ya turubai. Muuzaji akaugonga ubao kwa kidole akasema, "Kavu hii, mzee." Niliinua upande mmoja nikaurudisha. Ule haukuwa uzito wa mti mkavu. Mbao ya kutengenezea samani ya ndani inatakiwa unyevu wake ushuke hadi kama asilimia 12 ya uzito wa mti mkavu. Msonobari uliotoka kukatwa unaweza kubeba maji yenye uzito sawa na mti wenyewe, au zaidi. Lakini pale sokoni mimi nilikuwa mwanamke mwenye zipu mkononi, na wanaume wawili walikwisha kushikana mikono.

Nyumbani zikalala chini ya kitanda chetu. Kwa anayejua, mbao mbichi hupangwa kivulini, penye upepo, na kati ya ubao na ubao vinawekwa vijiti ili hewa ipite. Zetu zililala zimebanana kwenye giza, chumba kikanukia utomvu kama msitu wa Iringa, na zilipotolewa zilikuwa na mabaka ya bluu. Ukungu ule hauli mti, unaupaka rangi tu. Baba watoto aliutazama akasema unapendeza.

Video aliyokuwa akiifuata ilikuwa ya bwana mmoja wa Marekani mwenye karakana kubwa kuliko nyumba yetu. Kule mbao inayoitwa mbili kwa nne, ikiwa imekaushwa na kupigwa randa, ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu; muuzaji anajua, mnunuzi anajua, na vipimo vyote vya yule bwana vimesimama juu ya ukweli huo. Zetu zilikuwa na unene mmoja huku na mwingine kule. Mbili kwa mbili nne alizozikata kuwa miguu hazikuwa ndugu. Akazipiga randa ya mkono uani hadi jirani akachungulia ukutani kuuliza kama tunafungua kiwanda. Maranda yalijaa mpaka kwenye sufuria ya maharage.

Kwa yule bwana ubao wa juu unaunganishwa kwa gundi na kubanwa na jiriwa saba au nane. Sisi hatuna jiriwa hata moja. Hapa nitamsifu, maana alikumbuka walichokuwa wakifanya mafundi wa kwao: akachana mpira wa ndani wa baiskeli, akazungusha mbao mbili za moja kwa sita zilizopakwa gundi, akakaza kwa nguvu zake zote. Mpira hubana vizuri kuliko unavyodhania. Tatizo lilikuwa kwamba mbao zilipobanwa pembeni ziliinuka katikati, akatafuta kitu kizito cha kuzilaza, na kitu kizito kuliko vyote nyumbani ni kichwa cha cherehani yangu. Sikuwepo. Nilipotoka kanisani nilikikuta kimekaa juu ya meza isiyokuwa meza bado, gundi imechuruzika hadi kwenye kitako chake. Shangazi wa bibi harusi walikuwa wanakuja kujaribisha sare saa tisa.

Hatukuzungumza mpaka usiku.

Vanishi ilipakwa sebuleni kwa sababu mvua ilirudi. Tulilala madirisha wazi, mbu wakala wakashiba. Asubuhi meza ilikuwa imesimama mahali pake, inang'aa, na nitasema kweli: kwa mbali ilikuwa nzuri. Akaweka juu yake taa ya meza, redio na picha ya harusi yetu. Akaniita, akawaita watoto, akampigia mama yake Muheza.

Mama mkwe alikuwa anakuja hata hivyo, ana kliniki yake ya macho. Akapokelewa, akala, akavua viatu, akakaa kwenye sofa na kujiegemeza nyuma kama mtu aliyetoka safarini. Tukasikia kichwa kikigonga ubao.

"Mwanangu," akasema, bila kugeuka, mkono uko kisogoni, "hii meza mmeliwekea sofa au mmekiwekea kichwa changu?"

Ndipo daftari la baba watoto likafunguliwa. Alikuwa amepima kimo cha sofa hadi juu ya mito iliyotuna, sentimita 86, wakati mbao za mgongo wenyewe zinaishia 79. Mtu akikaa, mito inasinyaa, na kinachobaki nyuma ya kichwa ni meza. Kisha miguu akaikata 84 ili meza iwe chini kidogo ya mito, akasahau kwamba juu ya miguu kuna ubao wa sentimita mbili na nusu, kama mtu anayekata kitambaa bila kuacha nafasi ya mshono. Jumla 86 na nusu. Hesabu zote zilikuwa sahihi, zimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Na huu ni mti gani?" akauliza mama mkwe.

"Msonobari, mama."

Hakusema kitu kwa muda. Mtu wa Muheza ukimwambia msonobari umemtukana kidogo. Kule kuna shamba la miti la Serikali la Longuza, mitiki mitupu, na mtoto wa kule anajua mtiki kabla hajajua kusoma: mti wenye mafuta yake ndani, mchwa anaukwepa, ukikauka umekauka, haubadiliki badiliki. Mama mkwe ana kitanda cha mtiki alichoolewa nacho na hajawahi kukaza skrubu yake hata moja. Aliyasema haya yote kwa upole, kijiko kwa kijiko, siku nzima.

Basi ikawa bahati mbaya kwamba wiki hiyohiyo mjomba wangu akashuka kutoka Mafinga na gunia la viazi. Mjomba ana mashamba ya misonobari huko Mufindi, kama nusu ya majirani zake. Alipoingia tu, mume wangu akamwamkia, "Shikamoo mjomba," na mama mkwe naye, kabla mgeni hajapewa maji, akamwonyesha meza.

"Mti wa kwenu huo," akasema.

Sitasahau chakula cha usiku ule. Mjomba ni mtu wa sauti ya chini. Akaeleza kuwa Sao Hill, pale pale Mufindi, ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya Serikali nchini, na miti yake mingi ni misonobari. Mama mkwe akasema ukubwa wa shamba si ugumu wa mti. Mjomba akala tonge mbili, akainua macho darini. "Mama," akasema, "hilo paa unalolala chini yake, mbao zake zimetoka kwetu. Mtiki haujakufunika hata usiku mmoja tangu ufike." Watoto waliinama kwenye sahani. Mume wangu akauliza kama kuna anayetaka mboga zaidi.

Kesho yake mjomba akaichunguza meza kwa mwanga wa dirisha. Akavaa miwani, akapiga magoti, akatazama ncha ya ubao pale msumeno ulipopita na kuanza kuhesabu duara kwa ukucha. Ziliishia 8, nyingine zina upana wa kidole.

"Huyu alikuwa darasa la pili," akasema.

Akatufafanulia, na ni jambo ambalo wanunuzi wa mbao wa mjini tungelijua lingetuokolea fedha. Mti wa mbao zamani uliachwa hata miaka 25. Siku hizi mwenye shamba dogo akipata ada ya kulipa au mgonjwa ndani, anauvuna mtoto, mashine ya dingdong inaletwa shambani, inapasua papo hapo, na mzigo unapakiwa lori la Dar ukiwa bado unatoa maji. Mti mchanga unakua haraka, duara zake pana, na mbao yake ikikauka inajipinda na kujisokota kwa namna ambayo ya mti mzima haifanyi. Ubao wenye moyo wa mti katikati yake ndio mbaya zaidi. Huo utapasuka tu. "Msonobari hauna kosa," akasema mjomba, akimwangalia mama mkwe kwa jicho la pembeni. "Uliitwa kazini kabla ya umri."

Wakati huo ule ubao wa juu ulikuwa umeshaanza kukunja kingo zake kwenda juu. Mti hauchezi sana kwa urefu, unasinyaa kwa upana, na mbao ikikauka huku misumari imeikaza isisogee, kitu lazima kiachie. Kwetu iliachia gundi. Katikati ya meza ukafunguka ufa ambao sarafu ya shilingi 200 ilipita bila kugusa.

Lakini kwanza kulikuwa na suala la kichwa. Miguu ilibidi ipunguzwe, na mume wangu akaibeba meza uani, akaipindua, akakata. Akaisimamisha kwenye saruji ya uani: tuli. Akaiingiza sebuleni: inayumba. Akaitoa, akapunguza mguu mmoja. Uani tuli, ndani inayumba, ila sasa kwa mguu mwingine. Meza ya miguu mitatu haiwezi kuyumba hata ikiwekwa juu ya mawe; ya miguu minne inadai sakafu ikubaliane nayo. Sebule yetu haikubaliani na mtu. Aliyeijenga aliiinamisha kuelekea mlangoni ili maji ya kudeki yatoke yenyewe, na pembe ya dirishani marumaru zimenyanyuka kidogo. Mimi ndiye ninayedeki, kwa hiyo najua maji yanakimbilia wapi. Yeye alikuwa akiirekebisha meza kwenye sakafu ambayo haitakaa juu yake, na kila safari ilirudi fupi zaidi. Watoto wakaanza kuulizana kama mwishowe itakuwa mbuzi ya kukunia nazi au ubao wa kukatia vitunguu.

Nikatoka ofisini na chaki yangu.

Gauni la mteja silikati pindo kwa kupima kutoka kiunoni kwenda chini, maana hakuna mwanamke ambaye nyonga zake mbili zina kimo kimoja. Namsimamisha wima, na viatu atakavyovaa siku hiyo, naweka rula sakafuni, nazunguka naye nikitia alama kwa kimo kilekile kutoka chini. Pindo linanyooka hata kama mwili haukunyooka. Nikawaambia waiweke meza pale pale itakapoishi, nyuma ya sofa. Nikakunja vipande vya kitenge nikavisukuma chini ya miguu iliyopungua, mjomba ameshika pima maji juu ya ubao, mpaka kiputo kikatulia katikati. Kisha nikasimamisha rula kwenye kila mguu, nikatia chaki sentimita tatu kutoka sakafuni, pande zote nne za mguu. "Kata hapo," nikamwambia, "na usiipeleke uani kuijaribu."

Alikata. Umeme ulikuwa umeisha kwenye luku kwa ajili ya drili ya kuazima, kwa hiyo alikata kwa msumeno wa mkono na tochi ya simu. Meza ikarudishwa, na haikuyumba. Mama mkwe aliisukuma kwa fimbo yake, akaisukuma tena kutoka upande wa pili, akanyamaza. Kutoka kwake huo ni ushahidi.

Ufa mjomba aliuzibia kijiti chembamba alichokichonga kwa kisu cha jikoni, akakilaza na gundi, akasema mbao zikikaa mpaka kiangazi kiishe zitakuwa zimemaliza ujana wao. Aliondoka na mifuko yake mitupu na mtungi wa mafuta ya alizeti niliompa.

Kilichobaki ni utomvu. Msonobari ambao haukukaushwa kwa moto una utomvu mbichi kwenye mafundo yake, na joto la Dar la mwezi wa pili likiupata hupanda, vanishi au isiwe vanishi. Mama mkwe, kama zawadi ya kuagana, alikuwa ametandaza juu ya meza kitambaa alichokifuma mwenyewe, cheupe, chenye tausi wawili. Nilipotaka kukifua hakikunyanyuka. Tausi wa kushoto ameganda juu ya fundo. Nimejaribu maji ya moto, nimejaribu mafuta ya taa, nikaacha, maana kinachofuata ni kukichana, na siku atakayorudi kutoka Muheza atakiulizia kitambaa kabla ya kuuliza habari za watoto.

Meza sasa ina sentimita 69. Aliyekaa mbele ya sofa haioni kabisa, taa tu inaonekana kana kwamba imeota mgongoni mwa mto. Inabeba redio, chupa ya chai, pasi, na bakuli la risiti. Haiyumbi. Ina mabaka ya bluu, ina kovu katikati, na mume wangu akipata mgeni humzungusha nyuma ya sofa kumwonyesha kazi ya mikono yake, akianza na maneno, "Tatizo la mbao za siku hizi ni umri."

Kama hapa Tabata kuna seremala anayefika siku aliyosema, ninaomba anipitie kabla ya mwisho wa mwezi. Mlango wa kabati la jikoni umelegea bawaba, na baba watoto ameshaupima.